Dawa za kuimarisha mifupa na meno yako: kung'oa, kuziba na kufunga waya

Habari kwamba dawa za kuimarisha mifupa "zinaozesha taya" imesambaa haraka kuliko maelezo yake. Inapita kwenye makundi ya simu, inazungumzwa kwenye foleni za kliniki, na inazaa makosa mawili. Kuna mama anayeacha dawa yake kimyakimya kwa sababu jino limeanza kumuuma na anataka kwenda kuling'oa. Kuna mwingine anayevumilia jino lenye usaha kwa miezi kwa sababu ameambiwa kwamba watu wa dawa hizo hawang'olewi meno kabisa. Siku hizi limeongezeka na swali la watu wazima wanaotaka kunyooshwa meno kwa waya: je, inawezekana mtu akiwa kwenye dawa hizi?

Jibu fupi ni hili. Kusafisha meno, kuziba na kutibu mzizi wa jino (kuusafisha ndani na kuuziba bila kung'oa) hufanyika kama kawaida. Kung'oa kunawezekana, kwa uangalifu. Waya zinawezekana kwa baadhi ya watu, ila meno husogea polepole. Hatari ya taya ipo kweli, lakini kwa anayetibiwa udhaifu wa mifupa ni ndogo sana, na kuacha dawa kiholela kunaweza kumletea madhara makubwa zaidi kuliko jino lenyewe. Jibu refu lazima lianze na majina, maana mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Dawa ipi hasa?

Mtu akisema "namezeshwa dawa za mifupa" anaweza kuwa na maana nyingi. Wengi wanasema vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Wengine wanasema dawa za kutuliza maumivu ya magoti na kiuno, ambayo mara nyingi ni matatizo ya viungo, si ya mfupa kuwa dhaifu. Kalsiamu haiozeshi taya la mtu. Dawa za maumivu ya magoti nazo si zile zinazozungumzwa hapa.

Osteoporosisi ni hali ya mfupa kupungua uzito na uimara wake wa ndani mpaka uvunjike kwa jambo dogo: kuteleza bafuni, kuinua ndoo ya maji, hata kukohoa kwa nguvu. Haiumi mpaka siku mfupa unapovunjika, na ndiyo maana wengi hawajui kama wanayo. Huwapata zaidi wanawake baada ya kukoma hedhi, wazee wa jinsia zote, na watu waliotumia steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu. Hupimwa kwa eksirei maalumu iitwayo DEXA. Mwaka 1994 kundi la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani liliweka alama ya -2.5 au chini yake, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, kuwa kipimo cha kumwambia mtu kwamba anao ugonjwa huu.

Dawa zinazohusika na habari ya taya, kwa mgonjwa huyu, ni hasa za makundi mawili. Kundi la kwanza ni bisfosfoneti. Humo kuna alendroneti, inayojulikana pia kama Fosamax, ambayo kwa kawaida humezwa kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Kuna risedroneti na ibandroneti. Na kuna asidi ya zoledroniki, inayotolewa kwa dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Kundi la pili ni denosumabu, sindano ya chini ya ngozi ya miligramu 60 kila baada ya miezi sita, inayouzwa kwa jina la Prolia.

Sasa shika jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo linalovuruga mazungumzo yote. Dawa hizohizo hutumika pia kwa wagonjwa ambao saratani imewaingia kwenye mifupa, lakini kwa dozi tofauti kabisa. Asidi ya zoledroniki hutolewa miligramu 4 kila wiki tatu au nne, na denosumabu miligramu 120 kila wiki nne. Piga hesabu ya mwaka mzima utaona kwamba mgonjwa wa saratani anaweza kupokea zaidi ya mara kumi ya kile anachopokea bibi anayelinda nyonga yake. Wengi wa wagonjwa walioripotiwa mwanzoni, ambao habari zao ndizo zilizozaa hofu hii, walikuwa wa saratani. Hofu ikahamia kwa bibi, dozi haikuhamia.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Mfupa wa mtu aliye hai haukai vilevile. Ufananishe na nyumba ya fito na udongo inayotunzwa vizuri. Kila msimu kuna wanaobandua udongo uliopasuka na kuchakaa, na nyuma yao kuna wanaokandika upya. Mfupa nao una seli za kubandua, ziitwazo osteoklasti, na seli za kukandika, ziitwazo osteoblasti. Ujanani makundi haya mawili huenda sawa. Uzeeni, hasa homoni ya estrojeni inaposhuka, wabanduaji huwazidi wakandikaji, na ukuta unakuwa mwembamba mwaka hadi mwaka.

Dawa tulizozitaja huwapunguzia kasi wabanduaji. Bisfosfoneti hujishika kwenye madini ya mfupa, na seli inayokuja kubandua huimeza pamoja na mfupa na kuzimika. Denosumabu hupita njia nyingine: huzuia ishara ya kemikali inayoziamsha seli hizo. Matokeo ni mamoja, ukuta unabaki mnene, na mtu akianguka havunjiki kirahisi.

Shida huja pale penye kazi kubwa ya ghafla. Jino likishang'olewa linaacha shimo lenye kingo zilizochubuka na vipande vya mfupa vilivyokufa. Kabla ya kukandika, lazima kifusi kiondolewe, na wanaokiondoa ni walewale wabanduaji uliowapunguza kasi. Katika watu wengi kazi inachelewa kidogo, kisha inakwisha. Katika wachache sana haikwishi: fizi haifungi, mfupa unabaki wazi mdomoni, wadudu wa kinywani wanaingia, na sehemu ya taya inakufa.

Kwa nini iwe taya na isiwe paja? Taya ndiyo mifupa pekee inayochomozwa na meno hadi nje, penye chakula na bakteria, ikiwa imefunikwa kwa ngozi laini na nyembamba tu. Tena mfupa wa taya hujibandua na kujikandika kwa kasi kuliko mifupa mingi mingine. Takriban robo tatu ya visa hutokea taya la chini, na nyingi ya shida hizi huanzia kwenye jino lililong'olewa, meno ya bandia yanayochubua, au fizi zilizooza siku nyingi.

Tatizo hili lilianza kuandikwa kitaalamu mwaka 2003, daktari wa upasuaji wa taya Robert Marx wa Miami, Marekani, aliporipoti wagonjwa 36. Mwaka uliofuata Salvatore Ruggiero na wenzake wa New York wakaripoti 63. Lakini taya zilizokufa kwa namna inayofanana na hii zilikuwa zimeonekana karne ya 19 kwa wafanyakazi wa viwanda vya kiberiti, waliovuta moshi wa fosforasi nyeupe; ugonjwa huo ulikuwa miongoni mwa hofu za wanawake na wasichana waliogoma kwenye kiwanda cha Bryant & May, mashariki mwa London, mwaka 1888, na mwaka 1906 mataifa kadhaa yalitia saini mkataba huko Bern, Uswisi, wa kupiga marufuku fosforasi hiyo kwenye viberiti. Kwa kuwa bisfosfoneti nazo zina fosforasi katika muundo wake, kuna wanaosema kwamba mgonjwa "anawekewa sumu ya kiberiti". Si kweli. Denosumabu haina uhusiano wowote na fosforasi na bado inaweza kuleta tatizo hilohilo. Kinachosababisha ni kuzimwa kwa wabanduaji, si sumu.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Si kila kidonda kinachochelewa kupona baada ya kung'oa jino ni ugonjwa huu. Madaktari husema ni ugonjwa huu pale mfupa wa taya unapokuwa wazi, au unaguswa kupitia kitundu kwenye fizi au ngozi, kwa zaidi ya wiki nane, kwa mtu anayetumia au aliyewahi kutumia dawa hizi, na ambaye hakupigwa mionzi ya saratani kwenye taya.

Chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinakadiria kwamba kwa wagonjwa wa osteoporosisi wanaotumia bisfosfoneti tatizo hili huwapata watu 2 hadi 5 kati ya 10,000. Kwa wanaotumia denosumabu ni hadi 30 kati ya 10,000. Kwa wagonjwa wa saratani wenye dozi kubwa, hatari huwekwa chini ya 5 kati ya 100. Jino likishang'olewa, mtu wa vidonge vya osteoporosisi anakadiriwa kuwa na hatari isiyozidi 15 kati ya 10,000, na wa denosumabu karibu 1 kati ya 100.

Weka tarakimu hizo kando ya faida. Katika utafiti mkubwa uitwao HORIZON, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha wanawake zaidi ya 7,700, dripu ya kila mwaka ya asidi ya zoledroniki kwa miaka mitatu ilipunguza kuvunjika kwa pingili za mgongo kwa asilimia 70 na nyonga kwa asilimia 41. Tatizo la taya lilimpata mtu mmoja katika kundi lililopewa dawa, na mmoja katika kundi lililopewa dripu tupu. Na kuvunjika nyonga uzeeni si jambo la kufunga bandeji ukaenda zako: katika nchi zenye takwimu nzuri, takriban mzee mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani. Ndiyo maana naumia ninaposikia mtu ameacha dawa kwa sababu ya ujumbe aliotumiwa na mtu asiyejua hata ni dawa gani.

Hatari haiwi sawa kwa wote. Inapanda kwa aliyetumia bisfosfoneti zaidi ya miaka mitano, kwa anayetumia steroidi pamoja nazo, kwa mvutaji wa sigara, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na kwa mwenye fizi mbovu. Hapa kwetu steroidi zinastahili onyo la peke yake. Watu hununua prednisoloni au deksamethasoni dukani bila cheti, kwa ajili ya maumivu ya viungo au hata ili wanenepe. Vidonge hivyo hula mfupa na kudhoofisha uponaji wa kidonda, vyote viwili kwa mara moja.

"Basi niiache dawa wiki mbili kabla ya kung'oa"

Huu ndio ushauri wa mitaani unaorudiwa zaidi, na ndio ninaotaka ueleweke. Alendroneti ikishaingia kwenye mfupa hukaa humo kwa miaka, kiasi kwamba nusu yake huchukua zaidi ya miaka kumi kutoka. Kuacha vidonge viwili vya wiki hakubadilishi kitu ndani ya taya. Wataalamu wenyewe wanabishana kama kuiacha kwa miezi kadhaa kabla ya upasuaji mkubwa kuna faida yoyote. Uamuzi huo ni wa daktari aliyekuandikia dawa akishauriana na daktari wa meno. Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho CTX ambacho baadhi ya watu hutozwa fedha ili "kipime kama taya liko salama". Miongozo haikipendekezi kwa kazi hiyo, kwa sababu hakitabiri nani atapata tatizo.

Denosumabu ndiyo ya kuogopa kuiacha. Yenyewe haijifichi mfupani. Nguvu yake ikiisha baada ya miezi sita, wabanduaji wanarudi wote kwa pamoja na kwa ghadhabu, na wagonjwa wamewahi kuvunjika pingili kadhaa za mgongo ndani ya miezi michache baada ya kukosa sindano. Kwa hiyo mwenye sindano hii haiahirishi kwa sababu ya jino. Anachofanya ni kupanga: kama jino linaweza kusubiri, ling'olewe mwezi wa tatu au wa nne baada ya sindano, ili kidonda kipate muda wa kufunga kabla ya ijayo. Kama jino lina usaha, halisubiri kalenda.

Hapo nafika kwenye kosa la upande wa pili, la kukataa kabisa kumng'oa mgonjwa. Jino lililooza hadi mzizi ni maambukizi yaliyokaa juu ya mfupa usiku na mchana. Kuliacha mahali pake kwa hofu ya kidonda ni kuuacha mfupa huohuo ushambuliwe. Mwongozo wa Scotland wa mwaka 2017, ambao madaktari wa meno wa nchi nyingi huusoma, unasema wazi kwamba wagonjwa hawa wanaweza kung'olewa meno kwenye kliniki za kawaida, hata wale walio kwenye hatari kubwa zaidi, mradi njia nyingine zimefikiriwa kwanza na kidonda kikaguliwe baada ya wiki nane.

Njia nyingine hizo ni zipi? Jino likiwa bado linaweza kuzibwa, lizibwe. Likiwa limefika kwenye neva, tiba ya mzizi ni bora kuliko kung'oa, kwa sababu haiachi shimo kwenye mfupa. Watu wengi hudhani tiba ya mzizi imekatazwa kwao, kumbe ndiyo inayotakiwa. Meno ya bandia yarekebishwe yasichubue fizi. Vipandikizi vya meno vinavyochomekwa kwenye mfupa haviko kwenye marufuku kwa mgonjwa wa kawaida wa osteoporosisi, lakini kwa mgonjwa wa saratani mwenye dozi kubwa huepukwa.

La kuokoa zaidi ni kumwona daktari wa meno kabla ya dawa kuanza. Yanayopaswa kung'olewa yang'olewe, fizi zisafishwe, kisha dawa ianze kidonda kikishafunga. Kwa anayeanza dozi za saratani, hili ni la lazima kabisa kila hali yake inaporuhusu. Kwa mwenye osteoporosisi aliyekwishavunjika mfupa, dawa isicheleweshwe kwa miezi eti meno hayajakaguliwa. Vyote viwili viende pamoja.

Waya za kunyoosha meno

Rudi kwenye ukuta wetu wa udongo. Kunyoosha jino ni sawa na kuhamisha nguzo iliyosimama ndani ya ukuta bila ukuta kuanguka. Waya inalisukuma jino. Upande linakoelekea, wabanduaji wanapunguza mfupa. Upande linakotoka, wakandikaji wanajaza. Kwa kawaida jino husogea kama milimita moja kwa mwezi. Ukiwapunguza kasi wabanduaji, nguzo inakwama.

Hicho ndicho kinachoonekana kwa watu wazima waliofungwa waya wakiwa kwenye bisfosfoneti. Matibabu huchukua muda mrefu kuliko kawaida, mapengo ya meno yaliyotolewa huenda yasizibe yote, na mizizi huenda isisimame sambamba. Hatari ya taya kufa haitoki kwenye waya zenyewe kwa kiasi kikubwa. Inatoka kwenye mambo yanayoambatana nazo: kung'oa meno mazima ili kupata nafasi, na skrubu ndogo zinazopachikwa kwenye mfupa ili kuvutia meno.

Kwa hiyo mpango wa mtu huyu haufanani na wa kijana wa miaka kumi na mitano. Daktari mzuri atauliza ni dawa gani, ni kidonge au dripu, imetumika miaka mingapi. Atapunguza malengo: kunyoosha meno ya mbele yaliyopandana kidogo ni jambo moja, kurudisha nyuma safu nzima ya meno ni jingine. Atajaribu kutong'oa, pengine kwa kupunguza kidogo sana ubavu wa meno ili kupata nafasi. Atatumia nguvu ndogo, atapiga picha mara kwa mara, na atakuambia mapema kwamba ikiwa meno hayasogei baada ya miezi kadhaa, mtasimama. Kwa aliyeko kwenye dozi za saratani, kunyoosha meno kwa ajili ya urembo ni bora kusahauliwe kwa sasa. Na kama ndio kwanza umeandikiwa dawa za osteoporosisi na ulikuwa ukitamani waya, waambie madaktari wote wawili kabla ya kuanza chochote.

Kuwaambia kwenyewe kuna mtego. Ukiulizwa kwenye kliniki ya meno "unatumia dawa gani?", aliyepata dripu ya mwaka mmoja uliopita hujibu "situmii dawa yoyote", na kwa maana ya kila siku anasema kweli, kwa kuwa hakuna kidonge mkobani mwake. Hivyo hivyo aliyeacha alendroneti miaka mitatu iliyopita, na bibi aliyechomwa sindano alipokwenda kumtembelea mwanawe Uingereza au Marekani kisha akarudi nyumbani. Swali la kujibu ni pana zaidi: umewahi kupata dawa yoyote ya mifupa, kwa mdomo, sindano au dripu, na lini mara ya mwisho? Piga picha ya boksi au karatasi ya hospitali, ikae kwenye simu.

Ukishang'olewa jino, sukutua kwa dawa ya kinywa uliyoandikiwa, mara nyingi kloheksidini, usivute sigara, piga mswaki kwa upole ukikwepa kidonda siku za mwanzo, na meza dawa za kuua bakteria ikiwa tu umeandikiwa. Maumivu ya siku chache ni ya kawaida. Rudi kwa daktari mapema ukiona mfupa mweupe au wa manjano kwenye kidonda, usaha, uvimbe usiokwisha, meno ya jirani yanalegea, au mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi bila sababu. Tatizo likigunduliwa mapema hutibiwa kwa kusukutua, dawa za bakteria na, inapobidi, upasuaji wa kuondoa sehemu iliyokufa, na wengi hupona. Hata kama hakuna dalili yoyote, rudi wiki ya nane ukakaguliwe, ukiwa na ile picha ya boksi.